Muuguzi wa Mgonjwa wa Bunju

Kila anapoingia zamu, kabla hajamgusa mgonjwa, muuguzi huvua pete, akaitia mfukoni mwa sare, kisha akasugua viganja mpaka vipate joto. Salhiya alimwona akifanya hivyo jana, na leo tena. Babake alikula bunju, samaki mwenye sumu, juzi, akalegea mwili mzima, hata kifua kikashindwa kupanda. Tangu hapo wauguzi wanapokezana kumpumulia kwa mfuko wa mpira, na huyu ndiye asiyekuwa na pupa: hubana, huachia, hubana tena, midomo ikihesabu kimyakimya. Kila baada ya muda humsemesha. "Mzee Ubwa, changu walikwisha baharini hata ukaona bora bunju?"

Salhiya husimama ukutani. Chuoni alivichora sana vile vilango vya protini vilivyojaa katika ukuta wa neva: pande nne zimezunguka tundu, umeme ukibadilika tundu hufunguka na sodiamu ikapita, ndipo msuli upate amri. Sumu ya bunju haivunji kilango, hukaa mdomoni mwake kama kizibo. Lakini kizibo hukaa siku ngapi? Mwalimu hakusema, naye kwa haya zake hakuuliza.

Ghafla muuguzi akanyamaza. Mkono mmoja uliendelea kubana mfuko, wa pili ulikuwa kiganjani mwa mzee. Salhiya akajikaza.

"Dada, sumu itamtoka?"

"Inamtoka, mdogo wangu. Kanifinya kidole sasa hivi."