Siku Tulizongoja Wakubwa Waongee

Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa na mtawa wa misheni, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo kama ya mtoto. Tulikaa kwenye benchi nje, watu wengi, kila mmoja na shavu lake. Sharti la yule mtawa lilikuwa moja: ukitoka kwenye benchi unarudi nyuma ya wote. Baba yangu alinishika shati kwa nyuma nisikimbie. Mtu anaingia, tunasikia kelele, halafu kimya, halafu anatoka na pamba mdomoni na hamtazami mtu. Mbele yangu kulikuwa na askari mkubwa, bunduki begani. Zamu yake ilipofika akasimama, akaweka kofia sawasawa, akashika njia ya kwao. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba anayefuata ni mimi.

Lile jino lilitoka, mimi hata sikumbuki lilivyotoka. Ninachokumbuka ni benchi. Kukaa unasikiliza mambo yanayofanyika chumba cha pili, na mkono wako haufiki kule. Nimezaliwa na masikio makubwa, mama alisema, na masikio makubwa ni mzigo. Mengine nimeyangoja vizuri tu. Nimengoja mvua, nimengoja boti, nimengoja makaratasi ya ukimbizi hapa Durban mpaka viatu vikaisha. Huko unangoja kwa miguu na tumbo. Kungoja kwa masikio ndiko kunakoua mtu, na mimi nilikujua tena uzeeni, hapa Sydenham, kipindi kile wakubwa wawili wa dunia walipotaka kupigana kwa mabomu ya nyuklia.

Mimi kazi yangu ni kulinda magari. Nilianza Westville karibu na chuo, nikatolewa na vijana wenye miguu mizuri kuliko yangu, nikaja mbele ya maduka ya Sydenham. Pana saluni pale ya mama mmoja Mrundi, mama mnene mkarimu, mwenye televisheni ukutani na kiti cha plastiki ambacho alisema ni cha kwangu. Nje ya saluni ndipo wanaposimama wabunge. Sisi Wakongo tuna desturi hiyo: wanaume wakikosa kazi wanasimama njiani wanabishana siasa kutwa nzima, kama bungeni, ila hakuna viti wala mshahara. Tumevuka mipaka minne na desturi yetu hatukuiacha.

Basi habari ilikuwa hivi. Ndege ya mkubwa mmoja ilianguka baharini karibu na kinchi kimoja kidogo ambacho wakubwa wote wawili wanakitaka. Huyu akasema umenitungua, yule akasema ulikuja kunichokoza. Meli zikaja, zikatazamana. Halafu wakaanza kutajiana yale mabomu, waziwazi, kwenye televisheni, kama watu wanaoonyeshana ngumi. Bunge letu likagawanyika mara moja. Hawa wako na huyu, wale wako na yule. Kijana mmoja fundi wa simu akamsimanga mwenzake, akamwambia, "Wewe hata mwenye nyumba wako hajui jina lako, leo unamtetea rais wa watu?" Tukacheka. Hata mimi nilicheka, siku ya kwanza.

Siku ya pili sikucheka, kwa sababu binti yangu alipiga simu.

Mimi nina mtoto mmoja aliyebaki. Wengine sitawaeleza leo. Huyu alichukuliwa na mpango wa wakimbizi, akapelekwa nchi ya mmoja wa wale wakubwa, yeye na watoto wake watatu. Mume alibaki njiani, hiyo hadithi nyingine, na ni ya aibu kwa mume, si kwake. Wakamweka kaskazini kwenye baridi, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Mji wake ni mdogo, lakini mashamba yanayouzunguka, aliniambia, mabomu yamezikwa chini yake kama viazi. Kila mtu kule anajua. Kuna uzio, kuna kibao, na ng'ombe wanakula majani juu yake. Wafanyakazi wenzake walimwambia kwamba vita ikianza, pale ndipo patakapopigwa kwanza, maana adui anapiga kwanza kule mwenzake alikoficha silaha.

Akaniuliza, "Papa, nifanye nini?"

Mtu akikuuliza hivyo na uko ng'ambo ya bahari, kiti chako cha plastiki, fulana ya kulinda magari mwilini, unajisikia huna hata jina. Nikamwambia ngoja kwanza, nina mtu wa kuuliza.

Huyo mtu tulimwita Mkalimani. Alikuwa anapakia maboksi kwenye ghala huko Mobeni, na mchana akitoka zamu ya asubuhi alikuja saluni kukaa. Mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, hacheki ovyo. Kwetu kabla hajakimbia alikuwa mkalimani wa mazungumzo ya amani. Majenerali wawili walikuwa wameuzingira mji mmoja, huyu huku na yule kule, mizinga imeelekezwa katikati ambako watu wanapika. Wakapelekwa hoteli. Wakakataa kukaa chumba kimoja. Wakakataa hata kula ugali wa sufuria moja. Wakawekwa vyumba vinavyotazamana, na kazi ya Mkalimani na wazungu wapatanishi ikawa kutembea kwenye korido, wanabeba maneno ya huyu kumpelekea yule. Alituambia mengi ya hayo maneno yalikuwa matusi ya mama. "Tusi nililiacha kwenye korido," alisema. "Mpatanishi mwenyewe ndiye aliyeniambia. Niliingia chumbani na lile linalobaki, na siku nyingine halikubaki kitu, nikaingia na salamu tu."

Ndiyo maana nilimwamini. Wabunge wetu walitazama televisheni kuona nani ana bomu kubwa. Yeye alitazama vitu vingine. Alisikiliza nani hakutajwa leo. Aliangalia kama mabalozi wamefukuzwa. Alisema mabalozi wakiwa bado wanakula chakula cha mchana kwa wenzao, korido ipo, mtu anatembea ndani yake, ni sisi tu hatumwoni. Kuna nchi moja ndogo ya jangwani ilitajwa mara moja tu kwenye habari, waziri wake amesafiri, hawakusema kwa nini. Mkalimani akanigusa goti. "Huyo ndiye mimi," akasema.

Nikamweleza habari ya binti yangu. Akafikiri sana. Akasema, "Mzee, mwambie akae. Watu wanaoogopana hivyo, kila mmoja anamchungulia mwenzake dirishani. Watu wakianza kukimbia mji wenye mabomu, mwenzake atasema, wanawaondoa watu wao, basi wanataka kupiga."

Niliona ni akili kubwa. Nikamwambia binti akae. Akakaa. Na kila jioni ya kwake ni alfajiri ya kwangu, simu inalia, anauliza, Papa, yule mtu wako anasemaje?

Halafu ikaja ile siku mbaya. Televisheni ikasema mazungumzo yamevunjika. Balozi mmoja akaonekana uwanja wa ndege na masanduku. Mkubwa mmoja akataja saa, akasema ikipita saa hiyo asilaumiwe. Mama wa saluni alizima mashine ya kukaushia nywele, na mteja wake akakaa na nusu ya kichwa. Nikamgeukia Mkalimani, na Mkalimani alikuwa anatazama mikono yake.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Sijui, Mzee."

Eish, neno hilo. Ningependa anidanganye. Nikatoka nje, magari yanaingia na kutoka bila mtu, nikampigia mwanangu nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu anajua kufanya. Nikamwambia beba watoto, beba godoro na sufuria na maharage, toka mjini, ingia msituni, usishike barabara kubwa. Ndivyo nilivyomwokoa akiwa mgongoni kwangu. Vita zote nilizozijua mimi unazikimbia kwa miguu: unaingia msituni, unasubiri milio iishe, unatoka. Sikufikiri kwamba lile bomu haliulizi msitu uko wapi. Na baridi, Mungu wangu, baridi sikuikumbuka kabisa, mimi niliyekaa nimevaa fulana.

Akatii. Alinilea vizuri yule mtoto, maana katika uzee wangu yeye ndiye aliyekuwa ananilea, lakini siku hiyo alitii kama mdogo. Akaenda kazini kuaga, wakamcheka, akaondoka. Halafu simu yake ikafa.

Siwezi kueleza hapo katikati. Nilipiga, nikapiga. Sauti ya mwanamke wa mashine inasema kitu kilekile. Mama wa saluni aliniletea chai, ikapoa. Alinipeleka kanisani kwao, nikapiga magoti, na katika maombi nikajikuta ninawaombea wale wakubwa wawili kwa vyeo vyao, mimi ambaye sijawahi kumwombea hata chifu. Nilimwomba Mungu awape sababu ya kurudi nyuma. Hiyo nilifundishwa na Mkalimani. Alisema mkubwa hawezi kurudi nyuma mbele ya watu wake, hata akitaka, hata akiwa analia usiku. Lazima mtu amtafutie sababu aishike mkononi kama fimbo, atembee nayo. Majenerali wale walitafutiwa daraja. Ilitangazwa daraja la pale mjini limeoza, haliwezi kubeba mizinga, basi kila mmoja akarudisha mizinga yake asubuhi ileile, kwa ajili ya daraja. Lilikuwa zima kabisa lile daraja. Malori ya bia yalipita juu yake.

Na kweli. Saa ya yule mkubwa ikafika, ikapita. Kesho yake mchana televisheni ikasema meli za huyu zimerudi kwa matengenezo, na za yule zimemaliza mazoezi. Na yule waziri wa jangwani akaonekana amesimama pembeni kwenye picha, amechoka, tai imepinda. Mkalimani alimtazama huyo tu.

Wabunge walirukaruka, kila upande unasema umeshinda. Mimi nilikaa na simu. Ililia jioni, namba nisiyoijua. Ilikuwa simu ya mzee mmoja wa kule, mwindaji; mbwa wake aliwakuta chini ya miti, wamejifunika godoro. Binti yangu mzima. Watoto wake wawili wa kwanza wazima. Mdogo wa mwisho alikuwa hospitali, kifua, na vidole vya mguu madaktari walikuwa bado wanavitazama. Binti akaniambia, "Papa, usilie, sisi tuko." Nikalia mbele ya wateja wote.

Nilipomaliza nikamshika Mkalimani mkono kwa mikono yangu miwili. Nikamshukuru kama ni yeye aliyetembea kwenye ile korido yao. Akasema hapana, Mzee, lakini alitabasamu kidogo, na mama wa saluni akampa soda.

Ni huyo mama aliyeuliza. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anasuka, macho kwenye nywele, akasema, "Kaka, na kale kanchi kadogo ka katikati? Mbona leo hawakukataja?"

Mkalimani akasema kakiacha kutajwa, ndiyo kamelipa.

Mama akasimamisha vidole. "Kamelipa nini?"

"Sijui. Huwa kuna kitu kinapewa mtu. Mizinga hairudi kwa ajili ya daraja tu."

"Na kwenu pale hotelini, waligawana nini?"

Nje gari lilikuwa linapiga honi kuniita, sikwenda.

"Vilima," akasema. "Yule jenerali wa kusini alipewa vilima vya mashariki, afanye atakavyo, mtu asimwulize. Mji ukapona."

"Vya nani?"

"Vya kwetu," akasema. "Mama yangu alikuwa kule. Niliyasema kwa Kifaransa, nikayasema kwa Kiswahili, halafu wakaniomba niyarudie, maana mmoja alikuwa chooni. Nikayarudia."

Mimi nilikuwa bado nimeshika simu, ina joto la sauti ya mwanangu, nikataka kusema pole. Sikujua nampa pole au nampa asante.

Akaiweka soda kwenye meza ya machanuo. Akafunga kifungo cha juu cha shati, kilikuwa kimefungwa tayari, akakigusa tu. Akatoka, akangoja kwenye robot, taa za barabarani, mpaka ikaruhusu, akavuka, akapita upande wa teksi za Mobeni bila kupunga mkono kusimamisha hata moja. Huko ghalani hakurudi. Kwetu saluni pia hakurudi.