Kichwa Kilichotangulia Habari

Nakumbuka mchana mmoja wa enzi za Mdachi, mwanangu, na kila nikikutazama na hizo nywele ulizozichana zikasimama kama kichuguu, nacheka peke yangu. Usinune. Mimi bibi yako sikukuita nikuseme. Na hilo suruali lako la bugaluu linanifagilia ua bure, nitalikoseaje adabu? Keti tu, unisikilize.

Reli ndiyo kwanza ilikuwa imefika Dodoma. Baba alikuwa kibarua huko, na kaka yangu Chiwanga alisoma shule ya Mdachi hukohuko. Huku Mlali tulibaki mama, bibi aliyemzaa baba, na mimi, msichana wa kuamia ndege wasimalize uwele shambani.

Chiwanga alipoondoka nyumbani alikuwa na misuko mirefu iliyopakwa udongo mwekundu na samli, kama kijana yeyote wa Kigogo aliyejiona amekua. Wasichana walijikwaa njiani kwa kumtazama. Lakini shuleni alimkuta mwalimu kutoka Pwani, kanzu nyeupe, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na wanafunzi wa Kondoa nao vivyo hivyo. Mtindo ukawa huo. Mwenye misuko akaitwa mshamba. Basi wakanyoana, wakapaka vipara samli ving'ae, na nzi wakawafuata hadi darasani. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hawakusema ukirudi kwenu ufanyeje.

Maana kwetu Ugogo zamani hizo, mwanangu, kijana hakunyoa kichwa kwa urembo. Alinyoa akifiwa.

Nilikuwa juu ya dungu, nawatupia ndege mawe, nikaona mtu anakuja na njia ya Dodoma. Mwendo ni wa kaka yangu. Kichwa ni kitupu. Akaninyooshea mikono yote miwili, nami nikajua moja kwa moja kwamba baba amekufa. Nani mwingine angekuwa amekufa huko? Sikungoja anifikie. Haraka haraka haina baraka, lakini nani hukumbuka methali akiwa analia? Nilikimbia hadi nyumbani nikipiga yowe, "Mama, baba hayupo! Chiwanga kanyolewa!"

Mama aliangusha ungo, uwele ukamwagika wote. Moyo uliniuma kumwona vile, hata leo unaniuma kidogo. Majirani wakajaa, vilio vikapanda, wanaume wakaanza kutafuta mbuzi wa msiba. Bibi hakulia. Alikuwa mama wa marehemu, akayameza machozi yake, akachukua wembe, akamketisha mama chini amnyoe kama desturi ilivyotaka.

Upande wa kulia ulikuwa umekwisha Chiwanga alipotokea mlangoni pa tembe, kanzu yake ya amerikani imejaa vumbi, anatabasamu. "Mbukwa!" akatusalimu. Akamwona mama, nusu nywele, nusu kipara. Tabasamu likamtoka, akapiga magoti palepale na kuangua kilio kikubwa kuliko sisi sote.

"Nani amekufa?" akauliza. "Mama, nani amekufa?"

"Baba yako!" mama akamjibu.

"Baba? Amekufa lini? Nimemwacha mzima anakula ugali! Kanituma niwaletee chumvi!"

Nzi wake, mwanangu, wakamtua kichwani. Bibi akaweka wembe chini, akakishika kile kipara kwa mikono miwili.

"Na hiki je?"

"Ndio mtindo, bibi. Shuleni tumenyoa wote."

Hapo ndipo bibi alipolia. Alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena, na kila mtu akamfuata. Alipotulia akamwambia, "Mjukuu wangu, kunyoa si kosa. Kichwa ni chako. Lakini macho yanayokitazama ni ya kwetu, na yanajua kusoma jambo moja tu. Ungetuma neno litangulie, ndipo kichwa kifuate."

Mbuzi alikuwa amekwisha kamatwa, akaliwa kwa furaha. Mama alimalizia kunyoa upande wa pili, maana nusu haikuwa mtindo wa popote.

Baba aliporudi na kuhadithiwa, hakukasirika hata kidogo. Alizunguka kijiji kizima akiuliza nani alilia sana na nani alijikohoza tu. Akamwambia mama, "Wanaume wengi hufa hawajui kama wataliliwa. Mimi nimeshajua." Mama akamtupia kata ya maji, lakini nilimwona akijifuta macho.

Basi, mwanangu, fuga nywele, nyoa, suka, vaa suruali pana kama tembe ukitaka. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, na mimi sitakuzibia dirisha. Ila kabla hujabeba mtindo wa wenzako kuuleta nyumbani, jiulize hapa nyumbani mtindo huo una maana gani. Ukiwa hujui, uliza. Kuuliza si ujinga. Nguo na nywele husema kabla mdomo haujafunguka, na wanaokupenda ndio husikia kwanza, ndio huumia kwanza.

Nenda salama shuleni. Mungu akuongoze, akupe akili na maisha marefu, kichwa chako kijae mvi kama changu. Na mama yako asije akanyoa cha kwake kwa ajili yako.