Nyumbani waliniita Injinia wa gesi, mpaka siku mji ulipotaka kuinunua

Wakuu, salamu kutoka Doha.

Leo nimekaa niandike jambo ambalo nimelibeba miezi kadhaa. Sitaongeza chumvi, maana chumvi ndiyo iliyonifikisha hapa. Jina la mji wetu silitaji. Uko Taita, mdogo, na wenyewe wakisoma watajijua. Wengine nadhani watakuja hapa chini kunitukana, na wana haki.

Mimi ni mlinzi. Security guard. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukadhani vingine.

Huu ni mwaka wa saba niko Qatar. Kampuni yangu ya ulinzi ilinipanga kwenye geti la kampuni nyingine, inayopeleka gesi ya kupikia kwa mabomba kwenye majengo ya Lusail. Kazi yangu ni kufungua geti, kufunga geti, na kuandika kwenye rejista: gari gani limetoka, nani yumo, saa ngapi, linaenda wapi. Nalala kempu upande wa Umm Salal, chumba kimoja watu sita, basi linatuchukua alfajiri. Hiyo ndiyo gesi ninayoijua mimi.

Sasa uinjinia ulitoka wapi?

Mwaka wa kwanza nilipiga picha. Nyuma yangu kuna matangi makubwa meupe, kichwani nimevaa helmeti ya fundi mmoja Mganda anaitwa Wasswa, aliyeniazima kwa dakika mbili. Nikamtumia Mama. Sikuandika neno, picha tu. Mama akaipeleka kanisani Jumapili, na kufika jioni mtu akanipigia simu, "Injinia! Hongera bwana!"

Nilicheka. Ningesema pale pale, yangeisha kwa kicheko. Lakini nilikuwa nimetoka kusimama juani kutwa nzima na jina lile lilikuwa tamu. Nikaliacha.

Wakuu, msiache jina kama hilo hata wiki moja. Mwaka wa pili likawa linasomwa kwenye matangazo ya harambee, "Injinia wetu wa Qatar". Dada yangu alipoolewa, MC akasema bwana harusi amebahatika kuoa kwa mainjinia. Nilipoenda likizo jirani akaniletea jiko lake nilikague. Nikaligeuza, nikalinusa, nikasema regulata imechoka. Kwa bahati ilikuwa imechoka kweli.

Watu walinivika kilemba cha ukoka, nami nikakikaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Aliyenifanya nishindwe kukivua ni Mama. Alinilea peke yake kwa kuuza chapati na maharagwe kwenye kibanda karibu na stendi, akipikia kuni mpaka kifua kikaharibika. Wale waliokuwa wakimkunjia pua kwa sababu ya moshi wa nguo zake, sasa wanamwita Mama Injinia na kumpa kiti cha mbele. Ungekuwa wewe ungemwambia?

Haya, tuje kwenye gesi yenyewe.

Miaka michache iliyopita tajiri mmoja alikuja mjini kwetu, akajenga tangi pembeni mwa mji, akachimba mitaro na kupitisha mabomba. Soko, hoteli, shule ya sekondari, zahanati na nyumba nyingi za mtaa wa juu. Unawekewa mita, unalipia ulichotumia. Mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuunganishwa. Kuni zikaisha, kikohozi kikapungua. Nikimpigia simu asubuhi nilikuwa nasikia anaimba huku anasukuma chapati.

Ubaya ni kwamba tajiri naye alikuwa tajiri. Bei ya gesi ikipanda duniani anapandisha siku hiyo hiyo, ikishuka hasikii. Krismasi moja gesi ilikatika siku mbili na simu yake haikupokelewa. Watu walikula pilau ya kuni wakimlaani.

Halafu mwaka huu akachoka na sisi. Akaita wazee akawaambia anauza kila kitu, tangi, mabomba, mita na pikapu moja bovu, na kwamba mji ukitaka kununua utapewa nafasi ya kwanza.

Mji ukagawanyika. Hawa wanasema tununue kupitia sacco, gesi iwe yetu, bei tupange wenyewe, asitokee mtu wa kutukatia sikukuu. Wale wanasema gesi si kisima cha maji, mtatulipua na watoto wetu. Kwenye grupu la mji, watu waliokuwa wakisalimiana kwa mistari ya Biblia wakaanza kuitana wapumbavu.

Mimi nilikuwa nasoma tu, kimya, naombea yapite.

Hayakupita. Akanipigia Mwalimu Mwakio. Huyu alinifundisha darasa la sita, sasa amestaafu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya gesi.

"Injinia, mkutano wa mwisho ni Jumamosi saa nane. Tutakuweka loudspeaker. Watu wamekubaliana, utakalosema wewe ndilo."

Nikasema sawa, Mwalimu.

Jioni yake Mama naye akapiga. Yeye alitaka tununue, tena sana. Aliogopa kwamba atakuja tajiri mwingine mkali zaidi, bei ipae, na yeye arudi kwenye kuni. Daktari wa zahanati alishamwonya kuhusu moshi. Akaniambia, "Mwanangu, waambie wanunue. Mimi naomba hilo tu." Katika miaka yote niliyokaa huku, Mama hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile.

Siku mbili sikulala vizuri. Ya tatu nikamwambia Wasswa.

Alikuwa ameingia kutoka Lusail kama saa sita mchana, shati limelowa. Nilimkaribisha kwenye kibanda cha geti nikampa maji, nikamweleza yote, pamoja na habari ya helmeti yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaona mimi sicheki.

"Ssebo," akasema, yaani bwana kwa Kiganda chao, "bomba si kitu. Bomba linalala chini, halina maneno. Shida ni mutu. Waulize kimoja tu: gesi ikinuka saa saba mchana, nani anakuja? Wakikupa jina la mutu, wanunue. Hawana jina, waache."

Akavaa helmeti akaenda kula.

Nikabaki na rejista mezani. Nikaifungua nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wangu mwenyewe. Gari limetoka, harufu jikoni, ghorofa ya kumi. Gari limetoka, harufu kwenye ngazi. Gari limerudi, si kitu, mtu alisahau jiko. Ijumaa wametoka. Idi wametoka. Mwezi wa nane, joto la kuchoma viatu, wametoka mara nne siku moja. Sikuona siku hata moja ambayo hakuna aliyetoka. Miaka saba nimeyaandika hayo yote na sikuwahi kuyafikiria.

Basi nikapanga ujanja wangu. Nitabaki Injinia kwa mara ya mwisho. Nitawauliza swali la Wasswa kwa sauti nzito, watakosa jibu, wataahirisha wenyewe, na siri yangu itabaki salama. Nilijiona nina akili.

Jumamosi ikafika. Saa zetu na za Kenya ni zile zile, kwa hiyo saa nane yao ni saa nane yangu, na saa nane ya Doha wakati ule wa mwaka hamna haja niwaeleze. A/C ya kibanda ilikuwa imekufa wiki nzima. Mwenzangu Mnepali akakubali kushika geti nikakaa pembeni na simu.

Nikasikia viti vinavutwa, watu wanakohoa, mtu akifunga sala. Kisha Mwalimu akasema Injinia yuko hewani, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakuu, makofi yale yalinichoma kuliko jua.

Nikasalimia. Nikakohoa kidogo kama mtu mkubwa. Nikauliza, "Wazee wangu, mama zangu. Gesi ikinuka saa saba mchana kwenye hoteli pale stendi, nani anakuja?"

Wakacheka. Kicheko cha furaha kabisa.

"Wewe, Injinia!" akasema Mwalimu. "Si ndiyo maana tunanunua? Mama ametuambia contract yako inaisha Desemba. Tumeshakuandika kwenye mpango, msimamizi wa ufundi. Bila wewe tungethubutu?"

Makofi tena. Na katikati ya makofi nikasikia vigelegele, na sauti ile naijua tangu tumboni.

Lori likapiga honi getini, Mnepali akalifungulia. Nilikuwa namtazama jinsi anavyoandika namba ya gari kwenye rejista, taratibu, ulimi nje. Nikajua kwamba nikisema ndiyo, siku gesi itakaponuka pale stendi, mtu wa kwanza kuwa karibu na jiko ni mama yangu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi si injinia. Mimi ni mlinzi wa geti. Sijawahi kushika hata spana."

"Sema tena, Injinia, laini inakatika."

Laini haikuwa inakatika. Nikasema tena, polepole, kila neno. Safari hii hakuna aliyekohoa.

Nikaona maadamu nimeshavuliwa nguo, nimalize. Nikawaambia ninachokijua ni geti tu, ila geti nalijua. Nikawaambia kuhusu rejista, kwamba hakuna siku gari halitoki, Idi wala Ijumaa, na mara nyingi wanatoka kwa kitu ambacho si kitu, lakini wanatoka. Nikasema, "Kama mna mtu wa kutoka hivyo kila siku, nunueni. Kama mlikuwa mnanihesabu mimi, basi hamna mtu."

Mmoja nyuma akaita, "Askari!" Ukumbi ukacheka, kicheko cha aina nyingine sasa.

Mwalimu alishusha sauti kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto akikosea hesabu rahisi. "Asante kwa ukweli, mwanangu. Ungetuletea mapema kidogo." Simu ikakatwa.

Nilirudi getini. Shifti ilikuwa imebakiza saa nne.

Sasa mnasubiri niwape mwisho mtamu? Hakuna. Mji haukununua. Waliomba muda watafute fundi wa kweli kwanza, tajiri akakataa kungoja, akamuuzia mtu kutoka Mombasa. Huyo mpya ameleta fundi na pikipiki, na fundi anaishi pale pale mjini, akiitwa anafika. Hilo jema. Ila bei imepanda, na safari hii hakuna hata wa kumnung'unikia, mwenye mali yuko Mombasa.

Kwa hiyo nusu ya mji inasema niliwaokoa, nusu inasema niliwanyang'anya kitu chao. Kwenye grupu sasa mimi ni Askari. Wengine wanaweka na kicheko mbele ya jina. Mkiniuliza kama mji mdogo ununue gesi yake au uiache kwa matajiri, kweli kabisa sijui. Nawaza tu kwamba kama nisingekuwepo mimi wa uongo, wangetafuta fundi wa kweli tangu mwanzo, na labda leo ingekuwa yao. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Mama hakupokea simu yangu wiki tatu. Dada aliniambia Jumapili mbili hakwenda kanisani. Akaniambia pia kwamba chapati bado anapikia gesi, ila maharagwe, kwa vile yanakaa sana motoni, ameyarudisha kwenye kuni. Niliisikia habari hiyo nikiwa kwenye basi la kempu, nikageukia dirishani mwenzangu asinione.

Somo nililopata ni hili, na silisemi kwa kujidai. Nilidhani uongo wangu ni wa kwangu, wa kunistiri mimi na kumpa Mama heshima kidogo. Kumbe watu wazima walikuwa wamepanga maisha yao juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yangu ilikuwa na urefu wa miaka saba na ilipita jikoni kwa mama yangu.

Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa kazini. Mama. Hakunisalimia.

Miaka yote hiyo alikuwa akiniuliza habari za ofisi. Kama ofisi ina baridi sana, nisisahau sweta. Nami nikimjibu kwamba sweta ninayo.

Safari hii aliuliza, "Hapo getini kuna kivuli?"

Mdomo ulishafunguka niseme kipo, Mama, usijali. Nikaufunga. Nikasema, "Asubuhi kipo. Kuanzia saa nne hakuna."

Nikasikia kuni zinalia motoni, na akakohoa.

"Basi vaa kofia," akasema.

Nimevaa, wakuu. Nyinyi mlio ughaibuni, nyumbani wanajua kweli mnafanya kazi gani? Niambieni hapa chini, na mwenye kunitukana naye aje, getini nipo mpaka saa kumi na mbili.