Aliyemnyima Kaka Yangu Maji

Kaka yangu alikuwa jeshi la Kianda, kwetu Kibera. Usicheke. Baada ya kura, mitaa ilipoanza kupigana, vijana wa ploti zetu waligawana zamu za kulinda geti, na yeye, miaka kumi na tisa, akajipa cheo cha meja. Silaha yake ilikuwa mguu wa meza. Nilikuwa nampigia saluti na sufuria kichwani.

Shangazi yetu alikuwa amekwama Kabiro, kule Kawangware, na mtoto mchanga. Meja akaamua kwenda kumtoa. Mimi mjanja nikamshauri avae sweta yangu ya shule, eti wanafunzi hawaguswi. Ilimfika kitovuni. Tulicheka mpaka mama akatufukuza nje.

Vijana wa kule walimshika mlangoni kwa shangazi. Beji ya sweta iliwaambia ametoka Kibera. Wakamfungia stoo ya mbao, ukuta kwa ukuta na shangazi, ambaye hakuthubutu hata kukohoa. Siku tatu shangazi alimsikia akiomba maji, na mlinzi akimjibu, "Ngoja mvua, afande." Siku ya nne hakuomba. Mochari tulimpata kifua wazi, sweta haipo.

Shule zilipofunguliwa, mama alinituma Kawangware, steji ya 56, kununua misumari. Pale steji jamaa anachoma mahindi, amevaa sweta yangu. Kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kazi ya mama. Nikamsogelea.

"Niaje, budaa. Sweta fiti. Ulisoma wapi?"

"Nilipewa."

"Na mwenyewe?"

Akageuza hindi. "Unanunua ama unaongea?"

"Nataka maji. Ama ningoje mvua, afande?"

Hindi likamponyoka, likaanguka makaani. Akaniangalia vizuri; mimi na kaka tulifanana mpaka masikio. Akaanza kuvua sweta. "Dogo, nilikuwa naambiwa tu."

Sikuipokea. Nilichukua jerikeni lake la maji, lita ishirini, nikamwaga yote barabarani, polepole, nikimtazama. Watu wakauliza kuna nini. Nikawaambia yote, kwa sauti. Wateja wakarudisha mahindi.

Sasa naenda kila Jumamosi. Mama anasema nisamehe. Sina haraka. Juzi nilimkuta amehamia kando ya saluni, jua kali, jerikeni amelibana katikati ya magoti. Nilivuta kreti, nikakaa mbele yake saa nzima, nikinywa soda baridi. Hakunywa hata tone mpaka nilipoondoka.