Kitanzi Chekundu cha Bi Kulabu

Kengele ya asubuhi bado haijalia. Majani makavu yamejaa getini mwa shule ya msingi kama yalivyojaa jana, na mwanamke mwenye koti la kazi la buluu anayafagia. Anafagia, anasimama, anatazama barabarani, halafu anafagia tena pale pale alipokwisha kufagia. Watoto wanaanza kuingia, mikono makwapani, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa chai. Yeye hawatazami usoni. Anawatazama shingoni.

"Huyu amevaa," anasema kwa sauti ya chini. "Na huyu amevaa. Yule hajavaa, ona anavyojikunja."

Ni Ijumaa, vuli imeshika hasa, na anayemsubiri hajatokea. Ni binti wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye pumu, ambaye mwanamke huyu humwita Kijukuu ingawa hawana undugu wowote. Tangu Jumatatu binti huyo anakuja shuleni na shati tupu. Jana alikohoa kipindi kizima cha hesabu, mpaka wenzake wakaacha kuandika wakawa wanamtazama yeye.

"Leo tena akija hivyo, sijui," anasema mwanamke, na ufagio unasimama. "Kifua chake hakina utani. Na mimi ndiye niliyemvua sweta."

Watoto wa shule hii humwita Bi Kulabu, na walimu nao wamefuata mkumbo. Ni mhudumu wa usafi, na jina lilitokana na kulabu za chuma zilizopangwa ukutani kwenye korido. Mtoto akitupa sweta lake sakafuni, sauti inamfikia hata kama mwenyewe haonekani: "Kulabu, we mtoto, kulabu!" Mshahara wake, anasema, huja kumsalimia tu, haukai. Mumewe ni fundi viatu ambaye mgongo umemgomea, kwa hiyo siku hizi anashona akipenda mgongo, si akipenda yeye.

Lakini kazi inayomnyima usingizi wiki hii haimo kwenye mkataba wake.

Mwisho wa korido kuna kona ya vitu vilivyopotea. Shule nyingi zina kona kama hiyo. Ajabu ya hii ni kwamba vinavyopatikana ni vingi kuliko vinavyopotea. Kila vuli, wazazi ambao watoto wao wamerefuka huleta masweta na makoti kwenye mlango wa nyuma, karibu na jiko. Bi Kulabu anayafua, anaziba matundu, anashona kitanzi ndani ya ukosi ili yaning'inie, anayatundika. Kisha anawavizia watoto wanaotetemeka.

"Wewe, hebu njoo," humwambia mmoja, amekunja uso kweli kweli. "Hili sweta lako limekaa hapa tangu lini? Mimi mtumishi wako?"

Mtoto hulitazama sweta, ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Humtazama na bibi.

"Samahani, bibi. Nilisahau."

Basi, imekwisha. Analivaa, anakwenda zake darasani. Hakuna aliyepewa, hakuna aliyeomba.

Mtindo huo, anaeleza, alifundishwa na mvulana mmoja miaka mingi iliyopita. Alimpa koti siku ya baridi kali, mvulana akarudi nyuma kana kwamba amepewa nyoka. Akasema kwao hawapokei vya watu. "Nikaona huyu atakufa na heshima yake. Nikamwambia, nani kakwambia nakupa? Si lako hili, ulilisahau mwaka jana? Akanitazama, akanielewa. Akasema, enhe, langu. Tangu siku hiyo ndiyo lugha yetu."

Wazazi nao waliijua lugha hiyo, walimu pia. Wote walidanganya kwa uso mkavu, na watoto hawakupigwa na baridi.

Kosa likaja na sifa. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye anayeandika jarida la shule, karatasi moja inayobandikwa getini na kutumwa kwenye simu za wazazi: lini kuna mkutano, nani kashinda mbio, familia gani inahitaji kushikwa mkono. Mwezi huu alitaka kuwashukuru wanaoleta nguo. Akamfuata Bi Kulabu na simu mkononi.

"Bibi, acha na wewe watu wakujue," alimwambia.

"Na mimi nikakubali, mwanangu," anasema Bi Kulabu. "Sikulazimishwa. Nilifunga kitambaa kipya kichwani. Nikachukua sweta, nikaugeuza ukosi mbele ya kamera ili waone mshono wangu. Nilikuwa najidai."

Picha ilitoka vizuri mno. Bi Kulabu anacheka meno yote, na kidoleni mwake kimening'inia kitanzi chekundu. Chini yake pameandikwa kwamba haya ndiyo masweta ya msaada kwa watoto wa familia zenye shida.

Wekundu ule haukuwa na maana yoyote. Masweta ya shule hii ni ya buluu iliyokoza, macho ya Bi Kulabu yamechoka, na uzi wa buluu juu ya kitambaa cha buluu haoni anashona wapi. Uzi mwekundu anauona. Ndiyo maana kila sweta lililopita mikononi mwake, kwa miaka yote hiyo, lina kitanzi chekundu shingoni.

"Mwalimu alijihadhari, hakutaja mtoto hata mmoja," anasema. "Mimi ndiye niliyewataja wote, kwa uzi."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alikuwa akimwaga takataka aliposikia mchezo mpya uwanjani. Watoto walikuwa wakiviziana kwa nyuma na kupindua kosi za wenzao. Una chekundu. Huyu hana. Na huyu anacho, njooni muone. Wengi walicheka tu bila ubaya, kama watoto wanavyocheka chochote kipya.

"Niliziacha takataka pale pale," anasema. "Nilikaa juu ya pipa."

Kabla ya saa ya kwenda nyumbani, masweta yalikuwa yameanza kutoweka miilini. Mvulana mmoja alilisokomeza lake kwenye mkoba. Mwingine alionekana nyuma ya choo akijaribu kukikata kitanzi kwa meno. Kijukuu alilivua lake, akalikunja vizuri, akalikalia mpaka kengele ya mwisho.

Mama yake, ambaye ni dobi kwenye hoteli, alikuja Jumatano akiwa bado na sare ya kazi. Walizungumza wamesimama karibu na ndoo.

"Bibi, nyumbani anatoka amelivaa. Mimi mwenyewe namfunga vifungo. Akifika kona, analivua."

"Umemuuliza?"

"Yeye ndiye aliyeniuliza. Ameniambia, mama, hivi lile sweta mimi nililipoteza lini?" Mama akaitazama ndoo. "Nikamwambia, lala, mwanangu."

Mwalimu wa jarida alikuwa wa kwanza kuja kuomba radhi, macho mekundu. Alitaka aandike jingine la kukanusha. Bi Kulabu akamshika mkono, akamwambia aiache kalamu ipumzike, kukanusha ni kuwaonyesha watu kidole kwa mara ya pili. Mtu mwingine akashauri vitanzi vyote vikatwe. Hapo Bi Kulabu alitikisa kichwa. Watoto walikwisha kujuana. Atakayekatiwa ndiye atakayeonekana zaidi.

Nyumbani hakupata wa kumbembeleza. "Ulitaka kupigwa picha, mama, umepigwa," mumewe alimwambia, wakinywa chai. Mkewe akaweka kikombe chini. Fundi alipoona utani wake umeangukia pabaya, akakuna kidevu. Akamuuliza, kiatu cheusi kinapopata doa linalogoma kutoka, yeye hufanya nini.

"Unapaka rangi," mkewe alisema.

"Napaka doa?"

"Unapaka kiatu kizima."

Bi Kulabu aliiacha chai yake ikapoa.

Kesho yake alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajafungua dirisha. "Mwalimu, korido yako chafu," alianza.

"Bibi, si wewe unayeisafisha?"

"Masweta yanaanguka, yanakanyagwa. Mengi hayana vitanzi. Nataka kila nguo ya baridi ya shule hii iwe na kitanzi. Ya mtoto wa daktari na ya mtoto wa nani, zote. Nitashona mimi, na uzi ninao."

Mwalimu mkuu alielewa mara moja. Alikuwa amelisoma jarida kama wengine, na alisikia kukohoa kama wengine. Hata hivyo alisita. Wazazi wengine, alisema, watalalamika kwamba nguo zao mpya zinatobolewa sindano. Kutangaza angetangaza, ila kumlazimisha mtu hawezi.

"Tangaza tu," Bi Kulabu alisema. Tangazo lilipoandikwa, alimtaka mwalimu wa darasa la tatu alisome kwa sauti, tena na tena, mpaka akaridhika kwamba halina neno msaada wala jina lake. Lilihusu kulabu na usafi wa korido, basi.

Ndiyo maana asubuhi hii, baada ya ufagio, anaketi kwenye dawati dogo koridoni, magoti yakimfika kifuani. Ana sindano na kibunda cha uzi mwekundu. Kwa muda hakuna mtu. Watoto wanampita, wanatazama dawati, wanaendelea. Bi Kulabu anapenyeza uzi kwenye tundu la sindano, anauchomoa, anaupenyeza tena. Ukimuuliza anahofia nini, anajibu wazi kuliko ulivyotegemea.

"Kwamba watakuja wale wale tu wenye vitanzi tayari. Hapo nitakuwa nimewapanga foleni ili waonekane vizuri."

Wa kwanza ni mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na koti ambalo bado lina harufu ya dukani. Mama yake amemshika bega.

"Shona, bibi. Kila siku linarudi na nyayo za watu mgongoni. Nimechoka kufua."

"Rangi ni hii moja tu," Bi Kulabu anamwambia, akiinua kibunda cha uzi.

"Kwani koti linaangalia rangi?"

Huyo ndiye aliyefungua mlango. Anafuata mwingine, kisha wawili wanaosukumana, kisha mmoja anayetaka chake kiwe kirefu kuliko cha kaka yake. Mwalimu wa jarida anavua sweta lake mwenyewe na kusimama nyuma ya wanafunzi wake. Mwalimu mkuu anapita kama mtu mwenye haraka, anaacha koti lake juu ya dawati, anaondoka. Mvulana aliyekuwa akikata kitanzi kwa meno naye yumo, anabishana na wenzake nani alitangulia. Bi Kulabu anashona, ila kila mlango ukilia anainua kichwa.

Kengele inakaribia wakati mlango unapofunguka tena. Ni dobi wa hotelini, na nyuma yake Kijukuu, shati tupu, midomo imepauka. Mkononi ana mfuko wa plastiki. Anaitazama foleni. Anawatazama walioko mbele, mmoja mmoja, wanavyotoka na nguo zao wakikaguana shingo. Anabaki mlangoni muda mrefu. Halafu binti anasogea, anasimama mwisho wa foleni.

Zamu yake inapofika, analitoa sweta mfukoni na kuliweka juu ya dawati, macho kwenye viatu.

"Na mimi nishonewe."

Kitanzi chekundu kimo ndani ya ukosi, pale pale kilipokuwa. Bi Kulabu anakifunika kwa kiganja. Nyuma ya binti watoto wanasubiri. Anakunja uso.

"Na wewe siku zote hizi umekaa bila kitanzi? Mimi mtumishi wako?"

Binti anainua macho.

"Samahani, bibi. Nilisahau."

Sindano inaingia, na kitanzi cha pili kinashonwa juu ya cha kwanza. Bi Kulabu anakata uzi. Binti anavaa, mama yake anamfunga vifungo mpaka cha juu kabisa, na wote wawili wanajifanya hawaoni kwamba bibi anafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Haijaisha. Kuna shingo mbili tupu alizoziona asubuhi getini, na wenyewe hawakuja kwenye dawati. Jumatatu atakuwa hapo tena na uzi wake. Kikohozi cha Kijukuu nacho kinasikika kutoka darasani, na kila kinaposikika yeye anatega sikio mpaka kikome.

Anataka nini, basi, baridi hii itakapokwisha? Bi Kulabu anainuka taratibu, anauchukua ufagio.

"Nataka nisimame pale getini asubuhi," anasema, "nimtazame mtoto usoni."