Wazee Sita Kabatini

Nilitoka Ngerengere asubuhi moja bila mpango wowote, nikashuka stendi ya Msamvu, na kufikia jioni nilikuwa nimepanga chumba ghorofani kwa Mama Felista. Sharti lake lilikuwa moja: mgeni asilale humu.

Shule niliiacha darasa la sita, lakini udadisi sikuuacha. Niliposikia kwamba bia nyeusi kali ikitunzwa gizani, penye ubaridi, inazidi kuwa tamu, nilinunua chupa sita, nikazisimamisha kabatini na kuzifunika kwa gunia lililolowa maji. Kwa heshima nikaziita wazee.

Juzi, mwezi wa nane wa kuwatunza ukitimia, nilikuwa dirishani nikimtambia rafiki yangu kwenye simu: "Wazee wangu sita bado wamesimama kabatini. Nikiwalaza wataharibika. Krismasi namtoa mmoja!"

Mama Felista alikuwa chini ya dirisha akianika nguo.

Haikupita nusu saa akagonga mlango, pamoja na mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mluguru mwenye mvi na fimbo.

"Fungua kabati! Watoe wazee wa watu, na wewe uhame leo hii!" mama akafoka.

Nilifungua. Mjumbe akainua gunia kwa ncha ya fimbo.

"Hawa ndio wazee?" mama akauliza.

"Ndio, mama. Shikamoo."

Alidai kuonja, nikamfungulia mmoja. Akameza, akafumba macho, akameza tena.

"Wabaki," akasema. "Na wewe baki uwatunze."

Mjumbe akavua kofia, akaziinamia chupa tano zilizosalia.

"Shikamooni, wazee."