Kidaftari cha Gunvor Mkata Kwato

Fomu ya chama ilikuja kwa posta, ukurasa mmoja, na juu yake imeandikwa kwa herufi nene: "Maoni ya wenye vifaa binafsi kuhusu kutumia kidaftari cha umeme kazini." Chini yake mistari mitatu. Gunvor Åslund aliisoma akiwa amesimama jikoni na buti za zizini miguuni, akachekea puani. Katika chama kizima cha wakata kwato wa eneo letu la Falbygden, mwenye kidaftari cha umeme alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Sasa si wangempigia simu wakamuuliza, Gunvor, unasemaje?

Lakini ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu akitaka kukugombeza anakutumia fomu.

Aliketi, akaandika mstari wa kwanza: "Kinafanya kazi." Mstari wa pili: "Mimi pia." Wa tatu akatia sahihi. Akalamba bahasha, akaifunga, akarudi kuosha mashine yake ya kusagia kwato.

Hicho kidaftari alikinunua mwaka 1998. Ukikifunga kina ukubwa wa mkoba wa miwani; ukikifungua kuna kioo cha kijivu na vitufe vidogo kama dengu. Kinakula betri mbili za kawaida, zile za tochi, na kinazila kwa wiki sita bila kulalamika. Bawaba ilipovunjika aliifunga kwa utepe wa buluu, uleule anaofungia kwato zenye vidonda. Kimeangukia mavi ya ng'ombe mara nne na maziwa mara moja. Ndani yake mna mazizi thelathini na manne, na ng'ombe wa kila zizi kwa namba zao. "214: anapiga teke la nyuma kushoto, mwanzie kulia." "Zizi la Backgården: mbwa ni mwongo, hang'ati." "Majvor: hataki redio zizini." Na kila ng'ombe mwenye mimba, wiki atakayozaa.

Hilo la mwisho si la mapambo. Kazi yenyewe ni hivi: unakuja na kizimba cha chuma nyuma ya gari, unamwingiza ng'ombe, unamfunga mkanda tumboni, unamwinua mguu, unamkata na kumsaga kwato mpaka asimame sawa. Ng'ombe aliyebakiza siku tano kuzaa humwingizi humo. Ukimwingiza, ujue umejitafutia balaa na yeye umemtafutia kubwa zaidi. Kwa hiyo mkata kwato anayekosea wiki hajui kazi yake, hata awe na kisu kikali namna gani.

Mwenyekiti wa chama aliitwa Torgny Hallén, naye ni mkata kwato. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ila ni wale watu ambao wakinunua kitu kipya lazima na wewe ununue, ama sivyo wanahisi umewatukana. Mwanzoni mwa mwaka 2009 alileta simu za kugusa kwa wanachama wote saba, na mfumo wa kompyuta wa kugawa kazi. Wakulima wanatuma maombi, Torgny anayaingiza, mfumo unatoa tarehe, simu inalia, unaondoka. Mwaka mzima ulikwenda vizuri, hilo nalo tuseme ukweli. Wenzake sita wakawa wanapapasa vioo vyao kutwa. Gunvor akaiweka yake kwenye droo ya vijiko.

"Itakufa kwa baridi," aliwaambia. "Na mimi sivui glovu kwa ajili ya simu."

Mwezi wa Desemba uamuzi ukapita: atakayekuwa hajahamia kwenye mfumo ifikapo Machi mosi ataondolewa kwenye orodha ya chama. Orodha ile ndiyo wakulima wanayoitazama wakitaka mtu. Gunvor alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kiinua mgongo kilikuwa bado miaka minne mbele. Ukitolewa kwenye orodha unabaki na kizimba chako na mashine yako uani, unakata kucha zako mwenyewe. Alilijua hilo vizuri kuliko yeyote, na lilimkaa kifuani.

Jumatatu ya tarehe nne Januari alifungua kidaftari, akaona: wiki ya kwanza. Kwa uchokozi tu akaitoa simu kwenye vijiko, akaiwasha. Simu ikasema: wiki ya pili.

Lazima ufahamu kwamba huku kwetu hakuna anayesema tarehe kumi na tano Februari. Tunasema wiki ya saba, Jumatatu. Daktari wa meno anakupa wiki, fundi bomba anakupa wiki, shule inafunga kwa wiki. Mtoto anaijua wiki ya likizo yake kabla hajaijua siku ya kuzaliwa bibi yake. Na mwaka 2009 ulikuwa na wiki hamsini na tatu, ile wiki ya ziada inayokuja kila baada ya miaka mitano au sita. Simu ilikuwa inahesabu kigeni, wiki kuanzia Jumapili, na mwaka mpya ukigonga tu basi wiki ya kwanza imeanza, hata kama ni Ijumaa. Ile ya hamsini na tatu ikawa imemezwa.

Gunvor alisimama mbele ya almanaka ya ukutani akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Aliona aibu kuhesabu mara ya pili, kwa kuwa maana yake alikuwa ameanza kukitilia shaka kidaftari chake mwenyewe, na kujitilia shaka mwenyewe pia. Almanaka ilisema wiki ya kwanza. Akampigia Torgny.

"Torgny, simu zako zimeruka wiki."

"Zimeruka kwenda wapi?"

"Zinasema leo wiki ya pili. Leo ni ya kwanza."

Torgny alikuwa anatafuna kitu. "Gunvor, mama, huo mfumo unatumika dunia nzima. Hicho kidaftari chako kina umri wa farasi. Kimeona mwaka mpya kikachanganyikiwa, basi."

"Na almanaka ya ukutani nayo imechanganyikiwa?"

"Mimi wiki siziangalii. Mfumo unanipa tarehe, naenda kwenye tarehe."

"Na wakulima walikupa nini, tarehe au wiki?"

Kutafuna kukakoma kidogo, kisha kukaendelea. "Machi mosi, Gunvor. Usisahau."

"Nitasahau vipi? Nimeandika."

Alikata simu kwa hasira. Angemtukana ingekuwa afadhali. Kumwita mtu mama huku unamwona amechakaa, hilo ndilo lililomuuma.

Sasa, wakulima karibu wote walikuwa wameandika kwenye maombi yao neno moja: wiki yoyote isipokuwa ya saba. Wiki ya saba shule zinafungwa kwa likizo ya theluji, na mwenye watoto anawapakia na kwenda nao milimani kuteleza. Zizi analiachia mtu wa zamu. Torgny aliliingiza hilo vizuri kabisa, na mfumo ukatii vizuri kabisa: ukaifunga wiki ya saba ya hesabu yake, ambayo kwetu ni ya sita, wakati watu wote wapo nyumbani. Wiki ya saba yenyewe ukaijaza kazi pomoni.

Jumanne ya wiki hiyo baridi ilikuwa nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Gunvor alikuwa nyumbani ananoa visu, kwa kuwa kidaftari hakikuwa na kazi siku hiyo. Simu yake ya zamani ya vitufe ikaita. Alikuwa Majvor, mwenye ng'ombe sitini, mteja wake tangu mwanzo.

"Gunvor, kuna mwanamume getini kwangu na kizimba."

"Wewe uko wapi?"

"Niko juu hewani, nimekalia kile kiti cha kamba cha kupandia mlima, miguu inaning'inia. Mzee wangu wa zamu kanipigia. Anasema huyo bwana ana simu, na simu inasema ni leo."

"Bwana gani?"

"Torgny. Eti mfumo umempa zizi langu kwa kuwa kwake ni karibu zaidi."

Gunvor aliweka kisu chini. "Mwambie mzee wako asifungue geti. Una wawili wanazaa wiki hii, namba thelathini na tisa na yule mweusi."

"Yule mzee alikuwa mtu wa posta, atajuaje yupi ni yupi?"

"Ndiyo maana nasema asifungue. Mimi nimekuweka wiki ya nane, Jumatano, saa moja asubuhi, kama ulivyosema mwenyewe."

Upepo wa mlimani ulivuma kwenye simu ya Majvor. "Basi njoo wewe," akasema. "Mimi chama sikijui. Nakujua wewe."

Mzee wa posta hakufungua geti. Alimwambia Torgny kwamba amepeleka barua miaka thelathini na minane, na anwani kuwa sahihi haimaanishi kuna mtu nyumbani. Siku hiyo na iliyofuata wakata kwato wanne zaidi walikuta mageti yamefungwa. Mmoja alikokota kizimba kilomita sitini juu ya barafu akapokewa na mbwa. Gunvor aliposimuliwa alicheka, tena alicheka hadi akashika meza, kwa nini nimfiche. Halafu akamfikiria yule ng'ombe mweusi, tumbo limejaa ndama, mkanda unambana. Kicheko kikamkauka. Mtu angefungua geti moja tu kwa heshima ya mwenyekiti, leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Machi mosi ikafika, nayo ilikuwa Jumatatu ya mkutano. Walikutana kwenye ukumbi wa parokia kama siku zote, na ilikuwa zamu ya Gunvor kuleta kahawa. Alileta chupa mbili kubwa na sinia la maandazi ya iliki aliyoyapika asubuhi. Zamu ni zamu, hata kama unajua wamekuita kukutoa.

Torgny alisimama, akakohoa. "Lile jambo la wiki ya saba limekwisha. Palikuwa na kiboksi kwenye mipangilio, kinauliza wiki inaanza siku gani. Kimebadilishwa. Dakika mbili tu."

"Palikuwa na kiboksi," Gunvor alisema. "Na aliyekuambia Januari nne ni nani?"

"Hapa hatutafuti nani kasema nini. Tumekosea sote."

"Sote na nani? Mimi sikuwa kwenye geti la mtu."

Watu walikoroga kahawa. Torgny akaligeuza karatasi lake na kusema kipengele cha pili ni orodha. Akaeleza polepole, kama amelifanyia mazoezi, kwamba chama hakitaki kumpoteza Gunvor. Akikabidhi maandishi yake yote, kila zizi na kila ng'ombe, yaingizwe kwenye mfumo, na kidaftari akakipumzisha, jina lake litabaki. "Si haki mtu mmoja akae na habari za mazizi peke yake," alisema. "Zitatufaa sote."

Gunvor alimtazama Ruben, aliyekaa kando yake. Walianza kazi mwaka mmoja, wamewahi kulala chini ya kizimba kimoja wakikitengeneza kwenye mvua. Ruben alikuwa anachambua andazi lake, anatoa iliki.

"Kubali tu, Gunvor," alisema bila kuinua macho. "Yaishe."

Hilo lilimchoma kuliko yote ya Torgny. Aliweka kikombe mezani.

"Januari nilipowaambia wiki imeruka, kidaftari kilikuwa mzee aliyechanganyikiwa. Leo mnakitaka mpaka matumbo yake. Mngeniuliza kwa adabu ningekaa na kila mmoja wenu nikamsomea ng'ombe mmoja mmoja, na ningefurahi. Lakini mnataka niwape vyangu, halafu niwaombe radhi kwa kuwa navyo. Sitoi."

"Una maana unakataa?"

"Nimekataa. Andika."

Torgny aliandika kweli. Kisha akauliza wanaounga mkono jina liondolewe wanyooshe mikono. Mikono mitano ikainuka, wake ukiwa wa kwanza. Wa Ruben ulikuwa wa mwisho, uliinuka shingo upande, haukupita sikio, lakini uliinuka.

Gunvor alitoa kidaftari mfukoni, akakifungua mezani mbele yao. Hakuna aliyekuwa na haraka naye, walidhani amelainika. Akabonyeza, akatafuta, akakuta: mkutano wa chama, Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kila mwezi, tangu mwaka 1999. Akabonyeza kufuta.

"Torgny, kinaniuliza kitu," alisema. "Nifute wa leo tu, au na yote inayofuata?"

Torgny alitazama karatasi lake.

"Nakuuliza wewe mwenyekiti. Nisije nikakosea kiboksi."

Ukumbi mzima ulisikia mashine ya kupasha joto ikinguruma. Gunvor alingoja muda wa kutosha, kwa maana alitaka mtu mmoja, hata mmoja, aseme neno.

"Yote," alisema, akabonyeza.

Akafunga kidaftari, akakirudisha mfukoni. Akafunika chupa za kahawa, moja, mbili. Akatandaza kitambaa juu ya maandazi yaliyobaki na kuliinua sinia. Ruben alikuwa amenyoosha mkono kuchukua la pili; akaurudisha mapajani.